Mbwa Hana Matanga

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya mbwa. Naomba mtu asibadilishe stesheni akidhani ni jambo dogo.

Mtu akifa kwetu, Tarime au Serengeti, watu hukusanyika. Turubai linafungwa, moto unawashwa uani, majirani wanaleta unga na kuni, na kwa siku kadhaa mfiwa haachwi peke yake. Ng'ombe akifa, wanaume wanakuja kutazama, wanauliza aliumwa nini, wanampa pole mwenye mali. Mbwa akifa, anaitwa kijana mwenye nguvu na kupewa kamba. Kamba inafungwa mguuni, mzoga unaburutwa hadi korongoni au nyuma ya migomba, na kazi imeisha. Hakuna anayebisha hodi kusema poleni. Mwenye mbwa mwenyewe hategemei pole, na akiulizwa mbwa yuko wapi atajibu kwa neno moja, "alikufa," kisha ataanza habari za mvua.

Msikilizaji, mimi siamini kwamba jibu lile fupi linasema yote yaliyomo moyoni mwake. Nimeishi na watu wa hapa, na naamini wengi wetu tunawapenda mbwa wetu kuliko tunavyothubutu kusema. Tunaona haya. Na haya hiyo inatugharimu, inawagharimu watoto wetu, na mara nyingine inachukua roho za watu. Nitaeleza vipi.

Tuanze na usiku. Anayeishi Tarime hahitaji kuelezwa maana ya usiku kwa mtu mwenye ng'ombe. Wizi wa mifugo umetusumbua kizazi hadi kizazi, hata serikali ikaamua Tarime na Rorya ziwe kanda maalumu ya kipolisi. Basi mzee amelala, ana ng'ombe zizini, watoto wako nyumba ya pili. Nani anajua kwamba kuna mguu wa mgeni unakanyaga shamba la mihogo? Si mzee. Ni yule aliyejikunja kwenye majivu ya jikoni, sikio moja limesimama. Yeye ndiye anayepiga yowe la kwanza, ndipo mzee aamke na kupiga la pili, ndipo kijiji kiamke. Na mwenye mbwa hujua sauti za mbwa wake zote. Kuna kumbwekea jirani aliyetoka baa amechelewa, kuna kumbwekea fisi, na kuna ule mlio wa chini, wa kukoroma, unaomfanya mzee ashike panga kabla hata hajafungua macho. Kufikia kuelewana namna hiyo kunahitaji miaka ya kuishi pamoja.

Ukivuka upande wa Serengeti, kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, kazi inaongezeka. Huko nyani wanasubiri mahindi yakomae, fisi wanazunguka mazizi ya mbuzi, na chui humchukua mbwa mwenyewe. Mbwa wa kijiji cha mpakani anaposimama usiku na kumbwekea chui, anambwekea mnyama anayeweza kumla. Anajua, na bado anabweka. Ndani ya mapori hayohayo mbwa wameajiriwa rasmi: wapo waliofunzwa kunusa pembe za ndovu, nyamapori, silaha na nyaya za mitego, kila mmoja akifanya kazi na askari wake anayemlisha, kumpiga brashi na kumpeleka kwa daktari. Hakuna anayemshangaa askari yule kwa kumbembeleza mbwa wake. Lakini mzee wa kijijini akionekana anamkuna mbwa shingoni, watu watatazamana.

Na mchana? Mchana mbwa ni wa mtoto. Chukua mvulana wa darasa la nne, siku ya Jumamosi, anapeleka mbuzi mlimani. Ana kiboko, ana kipande cha kiporo mfukoni, na ana mbwa. Kiporo kinagawanywa mara mbili, na hakuna mtu mzima anayeona. Yule mtoto anamweleza mbwa mambo ambayo hamwelezi mama yake, ya mwalimu aliyemchapa, ya kaka anayemwonea, ya kuogopa mtihani. Mbwa anamsikiliza. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mtu na mbwa wake wanapotazamana machoni kwa muda, mwilini mwa wote wawili huongezeka homoni ya oksitosini, ileile inayofanya kazi kati ya mama na mtoto mchanga. Mtoto wa mlimani hajasoma habari hizo, lakini kila Jumamosi huzionja.

Mimi nimekulia kwenye mji wenye mbwa. Mbwa wetu wa kwanza ninayemkumbuka aliitwa Simba, kama mbwa wengi wa nchi hii. Alikufa kwa sumu, tuliamini ni wezi waliomtupia nyama. Baba alisema maneno machache, akaenda zake shambani. Mama hakusema kitu kabisa. Lakini kila jioni, akimaliza kupakua ugali, aliendelea kukwangua ukoko wa sufuria na kuupeleka kwenye lile jiwe ambapo Simba alizoea kulia chakula. Kuku ndio waliokuwa wakiula asubuhi. Aliendelea hivyo siku nyingi, na hakuna aliyemuuliza. Leo mimi ni mtu mzima, nimezika ndugu na rafiki, na nasema bila kusita kwamba yale yalikuwa maombolezo.

Wapo watakaosema mambo ya kumlilia mbwa ni ya Wazungu, yamekuja na televisheni. Ndugu zangu, hapana. Ni ya zamani kuliko Uzungu na Uafrika wa leo. Mwaka 1914, huko Ujerumani, mahali panapoitwa Oberkassel karibu na jiji la Bonn, wachimba mawe walifukua kaburi lenye mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa mdogo. Kaburi lile lina umri wa miaka ipatayo 14,000. Wakati ule hapakuwa na shamba wala ng'ombe wa kufugwa popote duniani. Mnamo 2018 wataalamu waliyachunguza upya meno ya mbwa yule na kusoma ndani yake habari ya ajabu. Alikuwa mtoto wa mbwa, alikufa akiwa na miezi kama saba hivi, na kabla ya kufa aliugua sana, akapata nafuu, akaugua tena. Ugonjwa waliouona ni distempa ya mbwa. Mbwa mwenye distempa anaharisha, anatapika, anapata homa na degedege. Asiposafishwa, asiponyweshwa maji na kupashwa joto, hufa mapema. Huyu aliishi wiki kadhaa. Maana yake kuna mtu, katika baridi ile, mwindaji asiye na chakula cha kuchezea, alimuuguza kitoto cha mbwa ambacho kisingemsaidia kuwinda hata siku moja. Na kilipokufa akakizika pamoja na watu.

Waumini nao wanajua. Wakatoliki waliosoma Kitabu cha Tobiti wanamkumbuka mbwa aliyefuatana na kijana Tobia safarini, na Waislamu wanaosoma Suratul Kahf wanamkumbuka mbwa wa vijana wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake mlangoni. Vitabu hivyo vingeweza kumruka mbwa bila hadithi kuharibika. Havikumruka.

Nimetaja distempa kwa sababu ugonjwa huo tunaujua hapa kwetu. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa wakitetemeka na kuanguka. Inakadiriwa simba wapatao 1,000 walikufa, theluthi moja ya simba wote wa eneo lile. Uchunguzi ulionyesha ni virusi vya distempa, na macho ya watu yakageukia kwa mbwa wa vijijini kwetu. Uchunguzi wa miaka ya baadaye umeonyesha kwamba virusi vile vinazunguka pia kwa wanyama wengine wa porini, kwa hiyo mbwa wetu hawabebi lawama peke yao. Lakini tangu hapo mbwa wa Mugumu na wa Nyamongo, ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu, akawa mbwa anayechunguzwa na dunia nzima.

Kilichowaleta wataalamu zaidi ni kichaa cha mbwa. Hapo naomba tuongee polepole.

Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Miongoni mwao wamo watoto wengi. Virusi vinaingia kwenye jeraha, vinapanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na safari hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi. Katika muda huo sindano zinaokoa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma kuliko yote. Tunadhani mbwa mwenye kichaa ni lazima awe mkali, anayekimbia ovyo akitoa povu. Wapo wa namna hiyo. Lakini wapo wengine ambao ugonjwa unawapooza. Mbwa ananyamaza, anajificha chini ya kitanda au ghalani, taya linalegea, mate yanadondoka, anashindwa kumeza, sauti inabadilika. Mwenye mbwa akimwona anasema: masikini, mfupa umemkwama kooni. Anamshika kichwa, anafungua kinywa, anaingiza mkono wake mpaka ndani ili autoe huo mfupa. Hakuna mfupa. Kuna mate yenye virusi, na kuna meno, na mkono una mikwaruzo ya jembe.

Umeona, msikilizaji? Hakuangamizwa na ukatili. Aliingiza mkono kwa sababu alimpenda. Ndiyo maana siwezi kuwasikiliza wanaosema dawa ni kuacha kuwapenda mbwa. Yule aliyemuuguza mbwa Oberkassel alikuwa na upendo tu, hakuwa na kingine. Sisi tuna upendo na tuna chanjo.

Kisha huja lile tunalolijua wote. Mbwa amemng'ata mtoto, au amemng'ata mbwa wa jirani, yowe linapigwa, wanaume wanakuja na rungu na mikuki. Ndani ya dakika chache mbwa amelala chini. Mara nyingine hawaishii kwa huyo, wanapita mji hadi mji na kuua kila mbwa aliyekuwa karibu. Naelewa hofu ile. Mbwa ambaye tayari ana kichaa hawezi kupona, na kumwacha azunguke ni hatari. Huyo auawe, tena kwa njia ya haraka na chini ya mkono wa mtaalamu pale inapowezekana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, hata anayestahili kuuawa. Lakini kuua mbwa wote wa kitongoji hakujawahi kukimaliza kichaa popote. Mbwa wakiisha, watu wanaleta watoto wa mbwa kutoka kwingine kwa sababu zizi haliwezi kukaa bila mlinzi, na hao wapya hawana chanjo. Tena wenye mbwa wakisikia kuna msako wanawaficha, wanawapeleka kwa shemeji kijiji cha pili, na ugonjwa unasafiri nao.

Mbwa aliyeng'ata mtu lakini haonyeshi dalili, mfungieni mahali salama na mumwangalie siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku aliyong'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Ukimuua palepale, umeua na jibu. Lakini aliyeng'atwa asisubiri hizo siku 10. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: aliyeng'atwa asisubiri. Jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asipakwe majani, asifungwe jiwe.

Turudi kwa yule mvulana wa darasa la nne. Mbwa wake ameuawa mbele yake na watu anaowaheshimu, baba mdogo, jirani, mwenyekiti wa kitongoji. Walikuwa na sababu. Lakini usiku ule nani anamweleza sababu hiyo? Anaambiwa anyamaze, mwanaume halii kwa ajili ya mbwa. Kwetu ambako kijana anafundishwa mapema kuvumilia kisu cha tohara bila kupepesa jicho, maneno hayo yana uzito mkubwa. Basi ananyamaza, na pamoja na kunyamaza anajifunza mambo mawili, kwamba alichokipenda hakikuwa kitu, na kwamba yeye alikosea kukipenda. Siku akiwa baba mwenye mji wake, atakuwa na mbwa watatu na hatajali kama wamechanjwa. Atasema, "Ni mbwa tu."

Ipo habari moja ambayo sijasikia ikisemwa redioni. Kuanzia mwaka 2002, wilayani Serengeti, watafiti walikuwa wakifuatilia kichaa cha mbwa kwa namna ya pekee. Hawakukaa maabara. Walipata taarifa za watu waliong'atwa, wakaenda hadi kwenye mji wa mwenye mbwa, wakaketi, wakauliza. Mbwa huyu alikuwa wa umri gani? Alianza kubadilika lini? Alitokea upande gani yule aliyemng'ata? Naye aliwang'ata wangapi kabla hajafa? Kutoka hapo walikwenda mji unaofuata, na unaofuata, mpaka wakachora mnyororo mzima wa nani alimwambukiza nani. Ni kazi ya miaka mingi, na ilifanywa na Watanzania pamoja na wenzao wa nje. Nawataja wachache ambao majina yao yamo kwenye machapisho: Profesa Sarah Cleaveland, Profesa Katie Hampson, na Dk. Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania ambaye sasa ni marehemu, aliyeitumikia kazi ya chanjo vijijini kwa moyo wake wote.

Mimi nikiisoma kazi ile naona kitu kimoja kabla ya hesabu zake. Huenda wale ndio watu wa kwanza kabisa waliofika kwenye mji wa mtu, wakapewa kigoda, wakamuuliza kwa uzito, "Mbwa wako alikufaje?" Na watu walijibu. Walikumbuka mwezi, walikumbuka siku alipokataa chakula, walikumbuka nani alimkuta na wapi. Mtu hakumbuki namna hiyo kitu asichokijali. Mengi tunayoyajua leo juu ya jinsi kichaa kinavyosambaa yametokana na kumbukumbu za wenye mbwa wa wilaya ya Serengeti.

Na hesabu zenyewe zinatia moyo. Zilionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, humwambukiza mbwa mwingine mmoja na kidogo tu. Si moto usiozimika. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100 kila mwaka, mnyororo unakatika. Hilo lilikwishaonekana hapahapa: kati ya 1996 na 2001, vijiji vya wilaya ya Serengeti vilipopelekewa chanjo na kuwafikia takriban asilimia 65 ya mbwa, kichaa kwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Watu waliong'atwa nao walipungua. Matokeo hayo yalitokana na chanjo, si na kuua mbwa.

Jambo jingine lililothibitishwa ni kwamba mbwa wa vijijini kwetu karibu wote wana wenyewe. Hao tunaowaita koko kwa kuwa wanazurura sokoni wana mji wanaorudi kulala. Kwa hiyo kazi ya kuwachanja ni yetu, mji kwa mji.

Sasa twende siku ya chanjo. Jana yake pikipiki imepita na kipaza sauti. Asubuhi, chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji, foleni imejaa. Wamejaa akina nani? Watoto. Mtoto wa miaka minane anavuta mbwa kwa kamba ya katani, mwingine amembeba mtoto wa mbwa kwenye kanga ya mama, wa tatu ana mbwa mkubwa kumshinda na anaburutwa yeye. Mtaalamu anauliza jina la mbwa aandike kwenye cheti, na mtoto analisema kwa sauti ya kujivuna. Sindano inaingia, mbwa anavalishwa mkanda shingoni aonekane amechanjwa, wanarudi nyumbani wakikimbia. Ni asubuhi nzuri sana kuiangalia.

Lakini tazama nani hayupo. Baba hayupo. Na yule mbwa mkubwa mkali wa zizini, anayemsikiliza baba peke yake, naye hayupo, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kumfunga kamba. Amebaki nyumbani bila chanjo, na ndiye atakayepambana usiku na fisi au mbweha mwenye ugonjwa. Ukimuuliza baba atasema alikuwa na shughuli. Wengine wanazo kweli. Lakini wengine, nasema kwa heshima, wanaona aibu mtu mzima kuonekana barabarani anaongozana na mbwa kwenda kupiga foleni na watoto. Yule anayemwamini kuliko polisi saa nane za usiku, mchana anamkana.

Wataalamu wamejitahidi kutusogezea huduma. Palikuwa na tatizo la baridi, kwa sababu chanjo ilitakiwa kukaa kwenye jokofu, na vijiji vingi havikuwa na umeme. Uchunguzi ukaonyesha kwamba chanjo inayotumika inaweza kukaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, na miezi mitatu kwenye nyuzi 30, bila kupoteza nguvu. Dk. Ahmed Lugelo na wenzake wakatengeneza chombo cha kuipoza kwa chungu cha udongo na maji, bila umeme, kwa kanuni ileile inayopoza maji ya mtungi nyumbani kwa bibi. Kwa njia hiyo chanjo inaweza kukaa kijijini na kutolewa mwaka mzima na watu wa palepale, wala si lazima kungoja gari la siku moja. Jambo hilo limejaribiwa katika mkoa wetu huu wa Mara. Kwa hiyo mbwa aliyezaliwa wiki moja baada ya kampeni naye anaweza kufikiwa, na hilo ni muhimu, maana mbwa wetu wengi hufa wakiwa wadogo na kila mwaka wanazaliwa wapya.

Niseme sasa juu ya siku mbwa anapokufa, maana ndiko nilikoanzia.

Kama amekufa kwa kugeuka tabia, kutokwa mate, kupooza au kung'ata watu, usimshike kwa mikono mitupu na usimchune. Mpigie simu afisa mifugo wa kata, kwa sababu kichwa kinaweza kupelekwa kupimwa, na majibu yake yanaweza kumwokoa mtoto wa jirani. Yeyote aliyelambwa kwenye kidonda au kung'atwa aende hospitali hata kama anajisikia mzima. Kisha mzoga uzikwe. Usitupwe korongoni, fisi na mbwa wengine wakaurarua. Chimbeni shimo refu.

Na kama amekufa kwa uzee, kwa nyoka, kwa sumu au kwa gari la barabara ya Sirari, mzikeni vilevile. Mzee, shika jembe mwenyewe, mwite na mtoto aje asimame hapo. Mwambie alikufa kwa nini, kwa maneno ya kweli. Usimwambie amepotea, akakaa kumngoja barabarani kila jioni. Akilia, mwache alie. Mwambie na wewe unakumbuka usiku ule alipowafukuza wezi, mwambie alikuwa mbwa mzuri. Hizo ni dakika kumi za muda wako. Majirani wakipita, waseme poleni. Hawatapungukiwa na kitu, na mji ule utajua kwamba kuhuzunika kwake hakukuwa upumbavu.

Msikimbilie kuleta mwingine kesho yake. Najua zizi haliwezi kukaa wazi, na najua mtu atasema kuna watoto wa mbwa kwa rafiki yake huko mbali, wanaweza kuletwa kwenye boda kesho. Ulizeni kwanza kama mama yao amechanjwa, na kama huko walikotoka kumekuwa na kichaa. Mbwa anayesafirishwa kutoka mbali anaweza kuja na ugonjwa ambao bado hauonekani, na kufufua balaa mahali lilipokwisha. Ni heri achukuliwe kwa jirani mnayemjua. Akifika achanjwe, hata kama bado mdogo, na arudie chanjo kama mtaalamu atakavyoelekeza. Jina mwacheni mtoto amchagulie. Wapo watakaotaka jina lilelile la aliyekufa, wapo ambao hawataki kulisikia tena. Wote wana haki.

Na siku ya chanjo, baba, yule mkubwa wa zizini umpeleke wewe. Mfunge kamba madhubuti, mshike karibu na shingo, simama naye kwenye foleni kati ya wale watoto. Tarehe na mahali utaambiwa na afisa mifugo wa kata yako au mtendaji wa kijiji. Waulizeni wiki hii, msingoje pikipiki ipite.